Senna alijua nini kuhusu mvua?

Jumapili ya Mei 1, 1994, pale Imola, Italia, jua lilikuwa linawaka. Lami ilikuwa kavu Ayrton Senna, dereva wa Brazil, alipoingia kwenye kona ya Tamburello kwa mara ya mwisho, akiongoza mbio kwa gari la Williams. Alikuwa na miaka 34. Kila tarehe hiyo inapofika, wapenzi wa langalanga (Formula 1) hukumbushana habari zake, na picha wanazozitoa kabatini karibu zote ni za mvua: gari lake jeusi la Lotus likipasua maji, kofia ya njano ikichungulia katikati ya ukungu, gari dogo la Toleman likipenya kwenye mitaa ya Monaco. Mtu aliyefia juani, tunamkumbuka kwa mvua.

Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, 1988, 1990 na 1991. Alishinda mbio 41 na kuanza mbele ya wenzake wote mara 65. Ukiuliza kwa nini mvua ikinyesha alikuwa kama anacheza mchezo tofauti na wengine, jibu la haraka ni kwamba alikuwa na kipaji, tena hakuwa na woga. Jibu hilo halijawahi kunitosheleza. Woga alikuwa nao, na alisema mwenyewe. Kipaji kipo, lakini ndani yake kuna mambo yanayoelezeka: maji yanaifanyia nini tairi, lami ya mbio ikoje, mguu wa kulia unafanya nini, na macho yanaona nini.

Tuanze na tairi. Sehemu ya tairi la gari la kawaida inayogusa barabara ni ndogo, kama kiganja cha mkono. Mpira hushika lami kwa kunata, na pia kwa kujibonyeza ndani ya vinundu vya kokoto. Maji yakiingia katikati, kunata kunakwisha. Kinachobaki ni kule kujibonyeza, na hata huko ni mpaka maji yasukumwe pembeni kwanza. Ndiyo kazi ya ile michirizi ya tairi. Pirelli, wanaotengeneza matairi ya langalanga siku hizi, wanasema tairi lao la mvua kubwa linaweza kutoa lita 85 za maji kwa sekunde moja gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Chukua ndoo ya lita 20, ile ya kuchotea maji bombani. Ni ndoo nne na zaidi kila sekunde, na hilo ni tairi moja tu.

Tairi la kukavu kwenye mbio halina michirizi kabisa. Ni kipara kwa makusudi, ili mpira mwingi zaidi uguse lami. Kwenye jua hakuna kinacholishinda, ila likikutana na dimbwi halina pa kuyapeleka maji. Linapanda juu yake, na gari linaelea. Dereva yeyote aliyewahi kuendesha mvua ya masika akiwa na tairi lililokwisha anaijua dakika hiyo: usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama vile hauna kitu mwishoni. Ukigeuza, gari halisikii. Ukikanyaga breki, magurudumu yanasimama na gari linaendelea na safari yake. Kwa gari la kawaida jambo hilo linaweza kutokea hata kwenye mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa maji yakiwa mengi. Sasa fikiria mtu anayetaka kupita hapo na 250.

Mvua yenyewe nayo haifanani mwanzo hadi mwisho. Mjomba wangu aliendesha lori kwa miaka mingi kati ya pwani na bara, na alikuwa na tabia ya kupunguza mwendo matone ya kwanza yakidondoka, kisha kuongeza kidogo mvua inapokolea. Utotoni niliona ni kinyume. Akanieleza kwamba barabara kavu inakusanya oili, vumbi na unga wa mpira, na mvua ya kwanza inavikoroga vyote kuwa ute. Mpaka mvua ioshe barabara, unaendesha juu ya sabuni.

Mwaka 1984, kabla ya mbio za Monaco, jambo hilohilo lilizua tukio la ajabu. Mvua ilikuwa inamwagika mji mzima, isipokuwa ndani ya lile handaki ambalo magari hupita. Humo kulikuwa kukavu, na vumbi la oili limetanda. Niki Lauda, bingwa aliyekuwa mzoefu kuliko karibu wote pale, akaona kwamba magari yataingia na maji, yatalikoroga vumbi lile, na watu wataumia. Akaomba handaki limwagiwe maji. Gari la zimamoto likaletwa, likalowesha sehemu pekee iliyokuwa kavu, ili iwe salama zaidi. Mbio zilianza zimechelewa takriban dakika 45.

Sasa twende kwenye lami yenyewe, maana hapa ndipo elimu ya Senna ilipoanzia.

Kwenye uwanja wa mbio, magari hupita njia moja, ile iliyo fupi na ya haraka: unaingia kona ukiwa nje, unakata hadi ndani, unatoka nje tena. Mamia ya mizunguko kwenye njia hiyo hupaka mpira juu ya lami. Kukiwa kukavu mpira huo ni neema, kwa sababu tairi linanata kwenye mpira mwenzake. Mvua ikinyesha neema inageuka. Ule mpira umeziba vinundu vya kokoto, uso umekuwa laini kama sahani, na maji juu yake hayana pa kuzama. Njia ya haraka sasa ndiyo inayoteleza kuliko zote. Lami yenye kukwaruza, ambayo bado inashika, iko pale ambapo hakuna anayepita: pembeni kabisa, nje ya kona, mita kadhaa kutoka kwenye mazoea.

Kwa hiyo anayejua mvua anaendesha mahali pasipofaa. Anafunga breki nje ya mstari, anazunguka kona kwa umbali mrefu zaidi, kisha anaukata mstari wa mpira akiwa amenyoosha usukani, maana kuuvuka huku umegeuza ni kujitafutia ukuta. Na akiona mstari mweupe wa rangi anauheshimu. Mwendesha bodaboda yeyote atakuambia rangi ya pundamilia ikilowa ni barafu. Siku ile Monaco, Nigel Mansell alikuwa anaongoza. Kwenye kilima kinachopanda kuelekea Casino tairi lake likakanyaga rangi nyeupe, gari likamponyoka, na mbio zake zikaishia ukutani.

Senna alijifunza haya mapema, na kwa aibu. Alizaliwa São Paulo mwaka 1960. Baba yake, Milton da Silva, alimtengenezea kigari kidogo, kile kinachoitwa kati (go-kart), kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi, mtoto akiwa na miaka minne. Baadaye akiwa kijana akaingia mashindanoni, akawa mwepesi kukiwa kukavu. Siku moja mvua ikanyesha, na wote wakampita. Habari hii aliisimulia yeye, na familia yake imeisimulia pia. Kilichofuata ndicho kinachonigusa: kila mvua iliponyesha São Paulo, wenzake walipokuwa wakikimbilia ndani, yeye alichukua kati yake akaenda uwanjani. Alizunguka peke yake, amelowa chapachapa, mpaka akaelewa.

Kati ni mwalimu mkali wa mvua. Magurudumu yake ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu, yanazunguka kwa pamoja. Ili igeuke, gurudumu la nyuma la upande wa ndani lazima linyanyuke kidogo. Kukiwa kukavu mshiko ni mwingi, linanyanyuka lenyewe. Kwenye mvua mshiko haupo, gurudumu halinyanyuki, na kati inakwenda moja kwa moja kama ng'ombe aliyekataa kamba. Dereva inabidi ailazimishe: ageuze usukani kwa ghafla, auhamishe uzito wa mwili, aguse breki kwa kipimo, aende nje kutafuta lami inayokwaruza. Hakuna mashine ya kumsaidia. Mtoto aliyerudia hayo mara mia tatu kwenye mvua, mikono na makalio yake yanajua jambo ambalo halimo kwenye kitabu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna vipimo vyetu vya mvua, na sioni sababu ya kuviacha. Safari Rally ilikimbiwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza, na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Joginder Singh, Simba wa Kenya, alishinda mashindano hayo mwaka 1965, 1974 na 1976, na jina lake bado linatajwa kwenye gereji za Nairobi. Ila matope na maji ya lamini ni mitihani tofauti. Kwenye matope gari linateleza muda wote na dereva analicheza likiwa limelala upande. Kwenye lami iliyolowa gari linashika, linashika, linashika, kisha haliko tena. Mpaka ni mwembamba na hautoi taarifa.

Senna aliupataje mpaka huo? Kwa mguu. Watu waliosimama karibu na kona walisikia kwanza kabla ya kuona: wengine wakiingia kona sauti ya injini inashuka, inatulia, inapanda. Ya Senna ilikuwa inadunda, vup-vup-vup, kama mtu anayepiga ngoma kwa kidole cha gumba. Katikati ya kona, pale ambapo madereva wengi husubiri, alikuwa akigusa pedeli ya mafuta mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kila mguso ulikuwa swali kwa barabara: hapa panashika? Na hapa je?

Mguso huo ulikuwa na kazi nyingine pia. Injini nyingi za miaka ile zilikuwa za turbo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi kwenye injini. Feni ikipoa, ukikanyaga mafuta hupati kitu, unasubiri, halafu nguvu zote zinakuja kwa mpigo. Kukiwa kukavu unazoea. Kwenye mvua mpigo huo unazungusha magurudumu ya nyuma na gari linageuka kukutazama. Senna kwa kudunda mafuta aliiweka feni ikizunguka muda wote, nguvu zikaja kwa vipande vidogo vidogo ambavyo tairi linaweza kuvimeza. Ni kazi ya kuchosha mno. Jaribu kugonga mguu hivyo kwa saa mbili huku mikono inapigana na usukani.

Sasa Monaco ya Juni 3, 1984 inaeleweka vizuri zaidi. Senna alikuwa mgeni, mwaka wake wa kwanza. Toleman lilikuwa gari la wanyonge, na alianza wa 13. Kukiwa kukavu, nguvu za injini na umbo la gari ndivyo vinavyopanga nani awe mbele. Mvua inavipunguza, kwa kuwa hakuna anayeweza kutumia nguvu zake zote, na pengo la magari linapungua huku pengo la madereva likipanuka. Mzunguko wa 19 akampita Lauda, akawa wa pili. Mbele alibaki Alain Prost na McLaren yake, zaidi ya sekunde 30 mbali. Pengo likaanza kuliwa, mzunguko kwa mzunguko. Prost akawa anapunga mkono akiomba mbio zisimamishwe. Zikasimamishwa. Senna alimpita Prost pale mstarini gari la Prost likipunguza mwendo, akanyanyua mkono akishangilia, lakini kanuni huhesabu mzunguko uliokamilika kabla, na katika mzunguko wa 31 Prost alikuwa mbele kwa sekunde 7 na kitu.

Kuna mambo mawili huachwa kwenye hadithi hii, na bila hayo hatumtendei haki mtu yeyote. La kwanza ni Stefan Bellof, Mjerumani aliyeanza wa mwisho, wa 20, kwa Tyrrell isiyo na turbo, akawa wa tatu na alikuwa anamkaribia Senna. Injini yake dhaifu ilitoa nguvu kwa upole, na siku ile upole ulikuwa mali. Timu yake ilifutiwa matokeo baadaye mwaka huo kwa makosa mengine, naye akafa kwenye mbio za Spa mwaka 1985. La pili ni aliyesimamisha mbio: Jacky Ickx, Mbelgiji, naye akiwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa mvua. Watu walimshutumu kwamba aliilinda McLaren, kwa kuwa injini yake ilitengenezwa na Porsche na yeye alikuwa dereva wa Porsche. Mimi hukumbuka kitu kingine. Ickx alishinda mbio zake za kwanza za langalanga kwenye mvua, Rouen, Ufaransa, mwaka 1968, na katika mbio hizohizo Jo Schlesser aliungua hadi kufa. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akiangalia mvua ya Monaco, sishangai mkono wake kuinua bendera nyekundu.

Kwa kuwa mbio zilikatwa kabla ya nusu, pointi zilitolewa nusu. Prost alipata 4.5 badala ya 9. Mwisho wa mwaka Lauda akawa bingwa kwa pointi 72 dhidi ya 71.5 za Prost. Kama mbio zingeendelea, Senna akampita na Prost akamaliza wa pili, angepata 6, na ubingwa ungekuwa wake. Mvua ile ilimpa ushindi na kumnyang'anya taji.

Limebaki suala la macho, na kwangu ndilo linaloielezea mbio ya Donington, Uingereza, 1993.

Gari la langalanga likitembea kwenye maji hurusha ukungu nyuma yake, ukuta mweupe. Aliye nyuma haoni gari, haoni kona, mara nyingine haoni hata pua ya gari lake. Agosti 1982, kwenye mazoezi ya mvua pale Hockenheim, Ujerumani, dereva Didier Pironi aliingia kwenye ukungu kama huo bila kujua kwamba ndani yake yumo Prost. Akamgonga kwa nyuma, akavunjika miguu vibaya, na hakushindana tena kwenye langalanga. Prost aliiona ajali ile akiwa ndani yake. Wanaomwita mwoga wa mvua wakumbuke siku hiyo.

Anayeongoza peke yake ndiye mwenye macho. Aprili 11, 1993, Senna alianza wa nne na McLaren iliyokuwa na injini dhaifu kuliko Williams za Prost na Damon Hill. Taa zilipowaka akasukumwa hadi wa tano. Akampita Michael Schumacher kwenye kutoka kona ya kwanza. Kwenye mteremko wa Craner akampita Karl Wendlinger kwa nje, pale pembeni ambapo hakuna anayependa kupita, kwenye lami ile inayokwaruza ya utoto wake. Akamla Hill. Kwenye kona kali ya Melbourne akamla Prost. Mzunguko mmoja haujaisha, yuko mbele. Wengi husema ilikuwa mbwembwe. Mimi naona alikuwa anakimbilia hewa safi: dakika moja ya hatari matairi ya wenzake yakiwa bado ya baridi na wenyewe wakisita, ili dakika mia zinazofuata awe anaona. Alimaliza akiwa mbele ya Hill kwa dakika 1 na sekunde 23, wengine wote akiwa amewaacha kwa mzunguko mzima au zaidi. Mvua ilikuja na kuondoka siku nzima. Prost aliingia kubadilisha matairi mara saba.

Hata hivyo, Senna mwenyewe hakuiweka Donington juu. Gari lake la 1993 lilikuwa na kifaa cha umeme kinachozuia magurudumu kuzunguka ovyo, kazi ile ile ambayo zamani aliifanya kwa mguu. Kwake ushindi mkubwa ulikuwa Estoril, Ureno, Aprili 21, 1985, na baada ya kuyapima yote nakubaliana naye. Pia ukungu haukumsamehe. Adelaide, Australia, mwaka 1989, akiongoza kwenye mafuriko, aliligonga kwa nyuma gari la Martin Brundle ambalo hakuliona. Prost siku hiyo aliegesha gari baada ya mzunguko mmoja na kukataa kuendelea.

Estoril alikuwa na Lotus nyeusi, injini ya Renault ya turbo, bila kifaa chochote cha kumsaidia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuanza wa kwanza kwenye langalanga. Aliongoza kila mzunguko na kuweka mzunguko wa kasi kuliko wote. Prost aliserereka kwenye sehemu iliyonyooka, gari likazunguka bila kona yoyote. Michele Alboreto wa Ferrari alimaliza wa pili, nyuma kwa zaidi ya dakika moja, na wa tatu, Patrick Tambay, alikuwa nyuma kwa mzunguko mzima.

Watu walimsifu kwa kutofanya kosa. Akakataa sifa hiyo. Alisema kuna wakati magurudumu yote manne yalikuwa kwenye majani, gari limemshinda kabisa, likarudi barabarani lenyewe. Alisema hali ilikuwa mbaya kuliko ya Monaco mwaka mmoja kabla. Na katikati ya mbio, akiongoza, akielekea kwenye ushindi wake wa kwanza wa langalanga, kijana yule aliyekasirika Monaco kwa kukatishwa mbio alionekana akipita mbele ya waamuzi mkono mmoja ukiwa nje ya gari, akiwaonyesha juu mawinguni ili wazisimamishe. Hawakuzisimamisha. Akarudisha mkono kwenye usukani, akaendelea kudunda mafuta.